Chombo Kilichofika Kabla Hakijaondoka

Mdogo wangu alikuwa na kigugumizi, kibanda cha kutengeneza saa, na madaftari mawili yaliyojaa makosa ya tamthilia ninayoitafsiri mimi. Kigugumizi na kibanda nilivijua. Madaftari niliyaona Alhamisi, siku mbili kabla hajasimama kuzungumza mbele ya watu.

Mtaani anaitwa Sekunde. Ukimpelekea saa atakwambia, "Sekunde moja tu," na sekunde hiyo inaweza kula wiki mbili. Lakini saa ikitoka kwake haimrudii. Ana miaka arobaini na miwili, mpole hadi anakera, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kusimama mbele ya watu zaidi ya watatu. Siku ya mazishi ya baba yetu alisimama kusema neno, na neno lenyewe likamkwama kooni muda wa birika kuchemka. Mtu mmoja nyuma akacheka. Sijui alicheka nini, pengine alicheka jambo lake. Sekunde akaketi, na toka siku hiyo akawa mtu wa kukaa.

Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwamba Mjomba atatoa mazungumzo Jumamosi katika ukumbi wa shule, nilidhani ni utani.

"Nani kamlazimisha?"

"Hakuna. Ameomba mwenyewe." Binti yangu ana miaka kumi na sita na hujibu kama karani wa mahakama. "Ataeleza mashimo mbele ya chama cha watazamaji."

"Mashimo gani?"

"Ya Kando ya Giza. Mambo yasiyoingia akilini. Mama, si wewe ndiye unayeitafsiri? Hujui kama ina mashimo?"

Sikujua, na niseme kwa nini.

Kando ya Giza ni hadithi ya watu saba ndani ya chombo kinachosafiri kati ya nyota, wakipeleka barua na dawa kwenye vituo ambavyo vingine vimeshazimika. Hakuna vita. Mara nyingi hakuna hata maneno. Wanakaa, wanatazama giza, mmoja anachemsha maji. Ndani ya chombo hakuna saa ukutani. Yupo mwanamke wa makamo mwenye koti la kijivu, na kazi yake ni kutangaza saa. Jambo lolote likitokea, Mtangaza Saa huitamka saa yake kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua. Watazamaji wanampenda kumpita nahodha.

Anaitamka kwa lugha ya nchi ya mbali. Lugha hiyo niliisomea stashahada, na ndiyo inayonilisha. Kituo cha televisheni kimenipa chumba kisicho na dirisha, kompyuta na hedifoni, na mimi naandika maandishi yanayopita chini ya picha. Kila sehemu ikifika Jumatatu inakatwa katikati kama mkate, ili iwahi Ijumaa. Nusu ya kwanza ni yangu. Nusu ya pili ni ya mwenzangu wa chumba cha pili, ambaye tunamwita Profesa kwa sababu ukisema "masaa" anakohoa mpaka useme "saa".

Hivyo miezi mitano nimesafiri na chombo kile nusu njia tu. Kinaondoka, kinaingia gizani, na mimi navua hedifoni naenda kufua nguo za watoto. Kikionyeshwa sikitazami. Mpishi wa hoteli akitoka kazini hataki kuona sufuria.

Alhamisi nilipitia kibandani kwa Sekunde. Humo mna saa zisizopungua arobaini, kila moja inagonga kwa mwendo wake, na ukikaa muda unaanza kuhisi kama umeketi chini ya bati na mvua inanyesha mahali pengine. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kreti, ananakili hotuba ya mjomba wake kwa mwandiko mkubwa. Sekunde alikuwa na lenzi jichoni na kibano mkononi.

"Soma, d-dada," akasema, akanisukumia daftari. "Wewe hujui kubembeleza. Ukiona p-pumba, sema pumba."

Nikasoma. Mwandiko wake ni mdogo kama meno ya gurudumu la saa.

Sehemu ya nne: chombo kinaondoka kituoni saa tisa, safari ni ya saa moja tu, kinafika saa nne. Sehemu ya saba: nahodha anaagiza mlango wa hewa ufungwe saa tano, unafungwa saa kumi na moja, muda wote huo nje hakuna hewa, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Sehemu ya tisa: barua inaandikwa saa nane, jibu lake linapokelewa saa tatu. Yalikuwa mashimo kumi na tisa, kila moja na namba yake.

"Chama kimegawanyika," binti yangu akasema bila kuinua kichwa. "Wapo Waliotangulia, wanaosema chombo kinafika kabla hakijaondoka. Na wapo Waliochelewa, wanaosema kinafika muda mrefu baadaye. Wengine hawasalimiani."

"Kwa ajili ya televisheni?"

"Mama, wewe na jirani hamkusalimiana mwaka mzima kwa ajili ya kamba ya nguo."

Nikaendelea kusoma, maana kamba ilikuwa yangu.

"Angalia t-tofauti," Sekunde akasema. Aliweka kibano chini, jambo asilolifanya kwa mteja yeyote. "Kilitakiwa kifike saa kumi. Kimefika saa nne. Masaa s-sita. Mlango, masaa sita. Barua, sita. Ama wametangulia sita ama wamechelewa sita, na kule hakuna asubuhi wala jioni, kwa hiyo huwezi kujua. Pande zote mbili zina haki. Lakini zote zimekosea."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hawakutangulia wala hawakuchelewa. Walipita mahali."

Akanieleza. Kila safari, akasema, chombo kinapita mahali penye masaa sita, kama korido ndefu. Mwanga wake ni mweupe kama maji ya mchele na hautoki kwenye taa yoyote. Chombo kinasimama chenyewe. Watu saba wanashuka, wanavua viatu, wanakaa kwenye mabenchi. Hakuna anayewadai barua wala dawa. Wanasema yale ambayo ndani ya chombo hawawezi kuambiana, kisha wanavaa viatu, wanapanda, na mlango ukifungwa wanasahau kila kitu. Ndiyo maana nahodha hutokwa machozi kila wanapofika, na hakuna anayemuuliza. Ndiyo maana ule mmea wa jikoni ulikuwa umekauka wakati wa kuondoka, na wakati wa kufika umechanua. Ndiyo maana mezani huwekwa sahani nane na watu ni saba. Mmoja wa kule koridoni huwa wanamkumbuka kidogo, kwa mikono tu.

Alivyoendelea kusema, maneno yake yaliacha kujikwaa. Nilikuwa nimeiegemea meza ya Sekunde saa tisa ya mchana, na mimi si mtu wa kuota mchana, lakini niliiona ile korido. Niliona hata vumbi kwenye mabenchi. Nikafikiria nguo zinazoningoja nyumbani na vyombo na bili ya maji, nikasema moyoni, masaa sita, jamani, hata mimi ningevua viatu.

Ndipo macho yangu yakarudi kwenye sehemu ya nne. Kinaondoka saa tisa.

Ile tisa niliiandika mimi. Niliikumbuka vizuri. Wale wa mbali wanaanza kuhesabu saa zao usiku wa manane, sisi tunaanza jua linapochomoza. Mtangaza Saa alitamka tatu kwa lugha yake, na mimi nikaandika tisa, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeandika. Safari ya saa moja. Alipofika alitamka nne. Hiyo kwetu ni kumi. Na ile nne ilikuwa katika nusu ya pili, na Profesa aliiacha ikae kama ilivyozaliwa.

Nikapitia mlango wa hewa. Nikapitia barua. Yote yalikuwa yale yale. Korido nzima, na mwanga wake na mabenchi yake, ilikuwa imejengwa kwenye ufa ulio kati ya meza yangu na meza ya Profesa.

"Sasa?" Sekunde akauliza. "P-pumba?"

Mimi huwa nasema. Nimemwambia daktari kwamba mwandiko wake utaua mtu. Lakini nilimtazama mdogo wangu na lenzi yake imepandishwa kwenye paji la uso kama jicho la tatu, nikajikuta nasema, "Mwandiko wako mbaya," nikaondoka.

Njiani nilipiga hesabu. Jumamosi ukumbini angekuwepo Mkuu wa Vipindi wa kituo chetu, amealikwa kama mgeni. Mkuu wa Vipindi anaijua ile lugha, alikaa huko miaka sita. Ana kicheko kinachoingia chumbani kabla yake. Angesikia "saa tisa, saa nne", angeelewa papo hapo, angecheka, na ukumbi mzima ungecheka naye. Safari hii Sekunde asingerudi kuwa mtu wa kukaa tu. Angerudi kuwa mtu wa kujifungia.

Ijumaa asubuhi niliingia kwa Profesa bila kubisha hodi.

"Saa unaandikaje?"

"Shikamoo kwanza," akasema, ingawa mimi namzidi miaka minne.

"Usinipotezee muda. Mtangaza Saa akisema tatu, wewe unaandika nini?"

"Tatu. Naandika kama ilivyo. Huo ndio uaminifu kwa matini."

"Uaminifu wako umewaacha watu saba bila hewa masaa sita."

"Saa sita," akasema, akakohoa. Kisha kikohozi kikakatika katikati. Alivua miwani akaifuta kwa tai. "Na wewe unaandika ngapi?"

"Tisa."

"Kwa idhini ya nani?"

"Ya jua, Profesa. Linachomoza kila siku, uliza mtu yeyote."

Nikamweleza hotuba ya mdogo wangu na ile korido yake. Kuta za vyumba vyetu ni nyembamba, na miezi mitano nimemsikia akikohoa, akinywa chai, akihamisha kiti. Hata siku moja hatukuulizana jambo dogo kama lile. Kila mmoja alidhani dunia nzima inaandika kama yeye.

"Mwache ndugu yako azungumze," hatimaye akasema kwa sauti ya chini. "Watu wataipenda hiyo korido. Sisi wawili tutaanza kuandika sawasawa kuanzia wiki ijayo, polepole, hakuna atakayegundua. Ukisema, tutaitwa ofisini sote wawili."

"Na Mkuu wa Vipindi kesho?"

"Labda hatasikiliza vizuri. Hasikilizi vizuri vikaoni."

Nilirudi chumbani kwangu, nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Niliweka sehemu ya nne nikaitazama nzima, nusu yangu na nusu yake. Chombo kiliondoka. Giza lilijaa kwenye kioo hadi pembeni. Mahali ambapo kwangu huwa ndio mwisho, picha iliendelea, na nadhani ni hapo niliposinzia, kwa sababu nilikuwa natembea koridoni bila viatu.

Sakafu ilikuwa ya uvuguvugu. Watu wa chombo walikaa kwenye mabenchi, migongo imelegea, kama wazazi waliokuja kuchukua watoto shuleni na watoto hawana haraka. Sekunde alikuwa katikati yao anazungumza, mdomo wake unafunguka na kufungika vizuri, lakini sikusikia neno. Mkononi nilikuwa na kalamu nyekundu. Ukutani palikuwa na kosa, nililiona kwa mbali, nikaenda kulisahihisha, na nilipogusa ukuta ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Kalamu ikaingia yote. Upande wa pili mtu akaipokea, akaishika, wala hakuivuta. Tukabaki tumeishika hivyo kwa muda mrefu sana, na sikuona ubaya wowote.

Mtangaza Saa aliniamsha. Chombo kilikuwa kimefika. Alisema saa yake, na chini pakaandikwa nne, na mdomo wangu ukasema peke yake: kumi.

Alasiri nilikwenda kibandani nikamwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia wao wanahesabu vipi, mimi niliandika nini, Profesa aliandika nini. Binti yangu alikuwepo, na hotuba ilikuwa mkononi mwake, kurasa saba zilizonakiliwa na kupigiwa mstari mahali pa kuvuta pumzi.

"Mama, ungeweza kunyamaza," akasema.

"Ningeweza. Na kesho Mkuu wa Vipindi angecheka."

"Ungemwambia Mkuu wa Vipindi anyamaze."

"Mwanangu, yule hanyamazi hata akimeza maji."

Sekunde aliivua lenzi yake. Alichukua daftari na penseli akaanza kukata mashimo, moja baada ya jingine, kila moja kwa mstari mmoja ulionyooka. Alikuwa anapiga hesabu midomoni kabla ya kukata: ongeza sita, toa sita, sawa, kata. Saa zilikuwa zinagonga kila upande na mimi nilisimama kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe. Alikata mashimo kumi na sita. Alipofika mwisho aliweka penseli, akainua saa ya mkono iliyokuwa mezani, saa ya mteja, akaitazama kwa muda ambao hata kwake ulikuwa mrefu.

"Miaka ishirini na m-miwili," akasema, "mtu ananiletea saa, mshale mfupi uko kwenye t-tatu. Namwambia, saa yako inasema tisa. Sijawahi... sijawahi hata kujisikia nikihesabu."

"Hakuna anayejisikia."

"Nendeni n-nyumbani."

"Utakuja kesho?"

Alikwishavaa tena lenzi yake. Binti yangu alikunja zile kurasa saba, hakunisemesha njia nzima, na mimi sikumlaumu.

Jumamosi ukumbi ulijaa watu kama sitini. Waliotangulia walikaa kushoto, Waliochelewa kulia, na katikati wameacha njia pana ya kupita ng'ombe. Mkuu wa Vipindi alikuwa mstari wa mbele, miguu imenyooshwa. Profesa alikaa nyuma karibu na mlango, amevaa tai, uso umesawijika. Saa nne ikafika, Sekunde hayupo. Ikapita dakika tano, kumi. Binti yangu alitazama mlango, mimi nilitazama viatu vyangu, nikawaza kwamba mtu mkweli ni mzigo kwa ndugu zake.

Kisha akaingia. Alikuwa amevaa shati alilovaa kwenye harusi yangu. Hakwenda kwenye kiti. Alipita katikati ya ile njia hadi mbele, akasimama, akafungua mdomo.

"D-d-d-"

Likakwama. Nilisikia mtu akimeza mate. Nilitaka kusimama nimalizie mimi, nilishaanza kuinuka, binti yangu akashika sketi yangu akanivuta chini kama mtu anayeshusha pazia.

"D-dada yangu," Sekunde akasema, "amekosea."

Watu wakacheka. Mkuu wa Vipindi naye alicheka, kwa kile kicheko chake. Sekunde alingoja. Hakuketi. Alikisubiri kicheko kipite kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke barabara, na kilipopita akaendelea.

"Nawaomba m-mtazame saa zenu. Mshale mfupi uko wapi?"

Mikono ikainuka, shingo zikainama. "Kumi," wakasema. "Umepita kumi kidogo," akasema mmoja wa Waliochelewa.

"Na sasa ni saa n-ngapi?"

"Saa nne," ukumbi ukajibu.

Niliona watu wakitazama tena mikono yao, kana kwamba saa zimebadilishwa wakiwa wamezivaa.

"Mshale unasema k-kumi, mdomo unasema nne. Mmesoma kitu kimoja mkasema kingine, na hakuna hata mmoja wenu aliyechelewa kuja hapa. Ila mimi." Wakacheka tena, na mara hii kilikuwa kicheko chake mwenyewe. "Kati ya mshale na mdomo kuna masaa s-sita. Tunayavuka kila tukiulizwa saa. Tulibebwa tukavushwa tukiwa wadogo, ndiyo maana hatujui kama kuna mto. Wenye tamthilia hawavuki, kwao mshale na mdomo ni kitu kimoja. Dada yangu alivuka na abiria wake. Mwenzake alibaki ng'ambo na w-wa kwake. Chombo ni kile kile, kimefika kwa wakati siku zote."

Nikasimama, nikasema ni kweli, nusu ya kwanza ni yangu na sikuwahi kuuliza ya pili. Nyuma kiti kikaburuzwa. Profesa alikuwa amesimama pia.

"Nami," akasema. "Zile saa sita zilikuwa zangu." Hakukohoa.

Mkuu wa Vipindi aligeuka akatutazama sote wawili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka. "Jumatatu," hatimaye akasema, "ofisini kwangu." Tulijua.

Kushoto mama mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa nesi, bado amevaa viatu vyeupe vya zamu. "Basi korido haipo?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. "Mimi nilikuwa wa Waliotangulia, lakini hilo basi. Ila tulisikia fununu kwamba utaeleza habari ya korido. Mimi nikitoka zamu nilikuwa nafikiria, kama kweli kuna mahali wanapumzika... Sasa mmeifuta?"

Nilimtazama mdogo wangu. Mimi jibu langu lingekuwa: ndiyo, mama, tumeifuta.

Sekunde alifungua daftari. "Nilikuwa na m-mashimo kumi na tisa," akasema. "Jana nimekata kumi na sita. Yamebaki matatu. Ule mmea ulikuwa umekauka, na walipofika umechanua. Huo hakuna aliyeutafsiri. Sahani ya nane hakuna aliyeitafsiri. Na nahodha a-analia kwa lugha yake mwenyewe."

"Kwa hiyo?" nesi akauliza.

"Kwa hiyo walipita mahali. Sijui pana masaa m-mangapi. Zamani nilidhani najua."

Hapo ndipo ukumbi ulipoamka. Mtu wa kulia akasema mmea ule ni wa plastiki, mtu wa kushoto akamwambia plastiki haikauki, wa kulia mwingine akaungana na wa kushoto. Mzee mmoja alieleza sahani ya nane kwa dakika ishirini. Sekunde alijibu kila mmoja. Alikwama kwenye kila neno la tatu, na watu walilingoja neno lake bila kumsaidia. Ile njia ya katikati ikajaa viti bila mtu kuagiza. Nilikaa nikasikiliza. Sauti zilipanda na kushuka, jua likahama kutoka dirisha moja hadi jingine, na kwa muda fulani nilisahau kuwa nina kazi ya kwenda kuitetea Jumatatu.

Walikuwa wamefika kwenye machozi ya nahodha mlango uliposukumwa. Wakaingia watu kama kumi na watano ambao sikuwahi kuwaona: wanawake wawili na watoto wao, fundi viatu wa kona ya soko, vijana wa karakana ya baiskeli. Mmoja alikuwa na tangazo mkononi, amelibandua ukutani na gundi yake.

"Samahani," akasema. "Tumewahi? Tangazo linasema mazungumzo saa sita. Halijasema tu ni mazungumzo ya nini."

Binti yangu alifunika uso kwa viganja. Tangazo alikuwa ameliandika yeye, kwa herufi kubwa, na kwa kumwogopa Profesa alikuwa amekataa kuandika masaa: MAZUNGUMZO: SAA SITA. JUMAMOSI, UKUMBI WA SHULE. Wanachama walijua kwamba hicho ni kichwa cha mazungumzo, yale masaa sita ya Mjomba, na wakaja saa nne. Wengine wote mtaani walisoma kama mtu yeyote anavyosoma.

"Mmemaliza?" fundi viatu akauliza, akimtazama Sekunde. "Maana ndugu, sikujua kama na wewe unazungumza."

Nilimwona mdogo wangu akitazama zile nyuso mpya. Angeweza kusema tumemaliza, na hakuna ambaye angemlaumu. Alifunga daftari, akasogea pembeni wapate kupita, akawaonyesha viti kwa mkono. Waliokuwepo wakabanana. Nesi akampakata mtoto wa mtu.

"D-d-dada yangu," akaanza upya, "amekosea," na mimi nikasimama kabla hajaniita. Kisha akawaomba wageni watazame saa zao, wamwambie mshale mfupi uko wapi.

Ulikuwa juu kabisa, kwenye kumi na mbili.